Dalili Iliyowapoteza Matabibu: Historia ya Hofu ya Maji na Kichaa cha Mbwa

Agosti 1819, Charles Lennox, Duke wa Richmond na Gavana Mkuu wa makoloni ya Uingereza katika Kanada, alikuwa njiani msituni kwenda kukagua makazi mapya yaliyopewa jina lake. Alikuwa mtu wa jeshi na mtu wa karamu. Mkewe ndiye aliyeandaa ile dansi maarufu ya Brussels siku tatu kabla ya vita vya Waterloo. Miezi miwili kabla ya safari hii, katika mji wa Sorel kando ya mto St. Lawrence, mbweha wa kufugwa alimng'ata mkononi. Jeraha lilikuwa dogo, likapona, na mwenyewe akaendelea na ziara yake.

Msituni akaanza kulalamika maumivu ya bega na kukosa usingizi. Mezani mvinyo ukamshinda kumeza. Wenzake walipompakia kwenye mtumbwi, alipoyaona maji alishikwa na kitisho, akaruka nchi kavu na kukimbilia miti. Walimpata, wakamlaza katika banda la shamba mbali na mto. Kila mara kitisho kilipotulia akili yake ilirudi timamu, akazungumza na watu wake akijua fika kinachomjia. Alifariki tarehe 28 Agosti.

Kwa karibu miaka elfu mbili matabibu wa Ulaya na wa nchi za Kiislamu walimtambua mgonjwa wa kichaa cha mbwa kwa dalili hiyo, na wengi wao waliuita ugonjwa wenyewe hofu ya maji. Ni dalili isiyosahaulika: mtu ana kiu kali, anaomba maji, yakiletwa anatetemeka na kuyasukuma. Aliyeiona mara moja hakuhitaji kufundishwa tena. Lakini kwa jinsi ilivyoyavuta macho, ndivyo ilivyowapoteza waliokuwa wakitafuta tiba. Walitazama koo la mgonjwa na kikombe kilicho mbele yake, ilhali ugonjwa ulikuwa umeingilia mkononi au mguuni wiki nyingi kabla. Ilichukua karne kadhaa macho yao kuhama kutoka kooni kwenda kwenye jeraha, na kutoka kwenye jeraha kwenda kwa mbwa.

Ajabu ni kwamba watu wa kale zaidi walianzia kwa mbwa. Katika mji wa Eshnunna, nchi ya Iraki ya leo, sheria zilizoandikwa kwenye vigae vya udongo karibu miaka 4,000 iliyopita zilimtaja mwenye mbwa mwenye kichaa. Ikiwa wakuu wamemwonya naye asimzuie mbwa wake, na mbwa huyo akamng'ata mtu akafa, mwenye mbwa alitozwa shekeli 40 za fedha. Aliyekufa akiwa mtumwa, faini ilikuwa shekeli 15. Sheria hiyo haisemi lolote juu ya maji wala juu ya tiba. Inamfahamu mbwa, inamfahamu mwenyewe, na inaujua wajibu wake.

Warumi walileta utabibu, na pamoja nao ukaja mkanganyiko. Celsus, aliyeandika katika karne ya kwanza baada ya Kristo, alishauri aliyeng'atwa aumikwe ili sumu itolewe pamoja na damu, kisha jeraha lichomwe kwa chuma cha moto. Hapo alikuwa karibu sana na ukweli. Lakini kwa mgonjwa ambaye hofu ya maji imekwisha kumshika, alisema dawa ni moja: atupwe ghafla ndani ya dimbwi bila kutazamia. Asiyejua kuogelea aachwe azame kidogo na kunywa, kisha ainuliwe; anayejua akandamizwe chini mpaka ashibe maji. Celsus aliona kiu ikizimwa na hofu ikivunjwa kwa pigo moja. Maji hayo hayakuwa na cha kumponya mtu ambaye ubongo wake ulikuwa umeshavamiwa.

Baadaye Caelius Aurelianus, tabibu wa kutoka Afrika ya Kaskazini aliyeyaleta mafundisho ya tabibu Mgiriki Soranus kwa Kilatini, alirekodi mabishano makali: je, huu ni ugonjwa wa mwili au wa roho? Kama mtu anaogopa, si roho ndiyo inayoogopa? Yeye aliuweka upande wa mwili. Katika maandishi hayo kimo kisa cha mshonaji aliyepewa vazi lililoraruliwa na mbwa mwenye kichaa. Alipokuwa akilishona aliulainisha mshono kwa ulimi wake, na baadaye akaugua. Hakung'atwa. Mate yaliyobaki kwenye kitambaa yalitosha kuwafikirisha wasomaji wa kisa hicho, ingawa ilipita zaidi ya miaka elfu moja kabla mtu hajayapima.

Katika nchi za Kiislamu, tabibu al-Razi aliandika juu ya mgonjwa hospitalini aliyebweka usiku mpaka akafa. Ibn Sina naye, katika kitabu chake cha utabibu, Qanun, cha karne ya 11, alisisitiza jeraha la mbwa wa kichaa lisiachwe kufunga upesi. Mashauri ya namna hii, kuumika, kuchoma na kuacha jeraha wazi, yalikuwa na mantiki ya kuitoa sumu ingali mlangoni. Tatizo ni kwamba yalisimama bega kwa bega na mengine yasiyo na maana, na hapakuwa na njia ya kuyatenganisha. Si kila anayeng'atwa na mbwa mwenye kichaa huugua, hata asipotibiwa. Basi kila dawa ilikuwa na mashahidi wake walio hai.

Hilo ndilo lililoipa nguvu abasia ya Saint-Hubert katika misitu ya Ardennes, Ubelgiji ya leo. Kwa karne nyingi walioumwa na mbwa walikwenda huko kwa miguu. Padri aliwachanja kidogo kwenye paji la uso, akaingiza uzi mwembamba uliotolewa kwenye vazi la mtakatifu, kisha mgonjwa akafuata miiko ya siku tisa. Makanisa mengine yalitunza chuma kilichoitwa ufunguo wa Mtakatifu Hubert, kilichotiwa motoni na kugandamizwa kwenye jeraha. Kati ya hayo mawili, la pili liliweza kuokoa mtu kwa sababu moto huua kilichomo kwenye jeraha. Waliopona walimshukuru mtakatifu.

Waliofikia hofu ya maji hawakuwa na wa kumshukuru. Majirani waliwafunga kamba, na hadi karne ya 19 zilisikika Ulaya habari za wagonjwa waliobanwa kati ya magodoro mpaka pumzi ikakatika. Woga wa majirani ulichanganyika na huruma, na ni vigumu kusema lipi lilikuwa kubwa.

Mwaka 1802 mkanganyiko ulifika kileleni. Daktari Bosquillon wa Paris alichapisha hoja kwamba ugonjwa huu hausababishwi na mbwa hata kidogo, ila na hofu yenyewe. Mtu anang'atwa, anaambiwa atapata kichaa, anakaa akitafakari kifo chake, na wazo hilo linamuua. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Kulikuwa na watu walioumwa na mbwa wazima, wakaingiwa na hofu, wakashindwa kumeza, kisha wakapona walipohakikishiwa kwamba mbwa yuko hai na hana neno. Ila Bosquillon aliifanya dalili kuwa chanzo. Mbwa, ng'ombe na farasi walikuwa wakifa kwa ugonjwa huohuo bila kusoma kitabu chochote wala kutishwa na jirani.

Jibu lilikuja miaka miwili baadaye kutoka Jena, Ujerumani. Georg Gottfried Zinke alichukua mate ya mbwa aliyekufa kwa kichaa, akayapaka kwa brashi kwenye majeraha aliyoyachanja kwa wanyama wazima, nao wakaugua. Mwaka 1813 Magendie na Breschet wa Paris walitumia mate ya mtu aliyekuwa akifa kwa hofu ya maji, wakamchoma mbwa, naye akapata kichaa. Kilichokuwa kinywani mwa binadamu kilikuwa kilekile kilichokuwa kinywani mwa mnyama.

Waliomjua mbwa kwa karibu zaidi, madaktari wa mifugo, walikuwa na neno lao pia. William Youatt wa London, aliyetibu mbwa maelfu, aliandika mwaka 1830 kwamba mbwa mwenye kichaa haogopi maji. Huyalamba kwa pupa, na hata taya na koo zikilegea akashindwa kumeza, bado huingiza pua bakulini. Habari hiyo ilikuwa na uzito wa uhai na kifo. Watu wengi walimpima mbwa kwa maji: akinywa, wakasema mzima, wakamwacha na watoto. Dalili ya binadamu ilikuwa imebandikwa kwa mnyama asiyeijua. Youatt mwenyewe aliumwa mara kadhaa kazini. Kila mara alilichoma jeraha kwa dawa ya fedha kabla ya kufanya lingine lolote.

Kutoka hapo kazi ilihamia maabara. Mwaka 1879 Pierre-Victor Galtier, mwalimu wa chuo cha mifugo cha Lyon, alionyesha kwamba sungura anaweza kuambukizwa, na kwamba sungura mgonjwa ni salama kumshika kuliko mbwa. Louis Pasteur na msaidizi wake Émile Roux waliichukua njia hiyo mbali zaidi. Mate yalikuwa na vijidudu vingine vingi, basi wakaenda moja kwa moja kwenye ubongo. Walitoboa fuvu, wakapandikiza ubongo wa mnyama mgonjwa chini ya utando wa ubongo wa sungura, na kutoka sungura mmoja hadi mwingine muda wa kuugua ukafupika hadi siku saba hivi. Kisha walitundika vipande vya uti wa mgongo wa sungura hao ndani ya chupa zenye hewa kavu. Kadiri kipande kilivyokauka, ndivyo ukali wake ulivyopungua.

Tarehe 6 Julai 1885 mama mmoja kutoka Alsace alimleta Paris mwanawe wa miaka tisa, Joseph Meister. Siku mbili kabla, mbwa alimng'ata mara 14. Pasteur hakuwa daktari, hivyo sindano alizichoma Jacques-Joseph Grancher. Walianza na kipande kilichokauka wiki mbili, kilichokuwa karibu kufa, wakapanda hatua kwa hatua hadi kipande kibichi chenye ukali wote. Zilikuwa sindano 13 kwa muda wa siku 11 hivi. Meister hakuugua. Oktoba akaja Jean-Baptiste Jupille, mchunga mifugo wa miaka 15 kutoka Jura, aliyepambana na mbwa mwenye kichaa ili wenzake wadogo wakimbie. Naye akapona.

Habari hizo mbili zimesimuliwa mara nyingi. Zinazosimuliwa kidogo ni za walioshindikana. Wiki mbili kabla ya Meister, Pasteur alikuwa amejaribu kwa msichana wa miaka 11 katika hospitali moja karibu na Paris, ambaye dalili zilikuwa zimeshaanza. Alikufa siku iliyofuata. Novemba akaletwa Louise Pelletier, miaka 10, aliyeng'atwa siku 37 kabla. Pasteur alijua amechelewa, akamchoma sindano hivyohivyo kwa sababu wazazi walimsihi. Alikufa mwanzoni mwa Desemba. Machi 1886 walifika Warusi 19 kutoka Smolensk walioraruliwa na mbwa mwitu, baadhi yao usoni, watatu walikufa. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwanahistoria Gerald Geison alipovisoma vitabu vya maabara vya Pasteur, alionyesha pia kwamba njia iliyotumika kwa Meister haikuwa imejaribiwa kwa mbwa kwa kiwango ambacho umma uliaminishwa.

Ukiwaweka pamoja waliopona na waliokufa, kinachowatenganisha ni muda na mahali pa jeraha. Virusi vya kichaa cha mbwa havisafiri kwa damu. Vinaingia kwenye misuli iliyoumwa, vinashika neva, na kupanda polepole kuelekea uti wa mgongo na ubongo. Kwa kawaida safari huchukua mwezi mmoja hadi mitatu; aliyeng'atwa usoni ana muda mfupi kuliko aliyeng'atwa kifundoni. Mwendo huo wa polepole ndio nafasi pekee ya mwanadamu, kwani chanjo iliyotolewa baada ya kung'atwa inaweza kuamsha kinga kabla virusi havijafika. Duke wa Richmond alikuwa na miezi miwili ya namna hiyo, akaitumia kukagua koloni.

Virusi vikifika kwenye shina la ubongo, huvuruga sehemu inayoongoza kumeza na kupumua. Kwa kawaida maji yakielekea njia ya hewa, mwili hujilinda kwa kikohozi na mkazo mfupi wa misuli. Kwa mgonjwa ulinzi huo unakuwa mkali kupita kiasi: tone moja, mlio wa bomba, hata kutajiwa kinywaji, na misuli ya koo na kifua inakakamaa kwa maumivu yanayomkata pumzi. Upepo wa feni usoni unatosha kufanya vivyo hivyo. Hofu inazaliwa na maumivu hayo. Wakati huohuo virusi vinashuka tena kwa neva hadi kwenye tezi za mate, na mate yasiyomezeka yanajaa kinywani yakiwa yamevibeba. Kwa hiyo hofu ya maji hutokea mwishoni mwa safari. Anayeisubiri ili athibitishe ugonjwa amekwisha kuupoteza muda wote wa kuutibu.

Wapo pia wanaokufa bila kuyaogopa maji. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watano hupooza taratibu, akilala kimya. Huko Trinidad, kuanzia mwaka 1929, watu walikufa kwa kupooza na madaktari wakadhani ni polio. Joseph Lennox Pawan na mwenzake Hurst ndio waliothibitisha kwamba kilikuwa kichaa, na kwamba kililetwa na popo wanyonya damu. Kwa kuwa hakuna aliyeogopa kikombe, hakuna aliyeushuku ugonjwa huo mapema.

Karne ya 20 iliboresha silaha za kulinda jeraha. David Semple, huko Kasauli nchini India, alitengeneza mwaka 1911 chanjo ya ubongo wa mnyama iliyouawa kwa kemikali, na watu wa nchi nyingi wakaijua kwa msururu wa sindano za tumboni. Mwaka 1954 mbwa mwitu aliwashambulia watu 29 katika kijiji kimoja cha Irani. Madaktari wa Taasisi ya Pasteur ya Tehran wakapata nafasi ya kuonyesha kwamba kingamwili zikitolewa pamoja na chanjo huokoa hata walioumwa vibaya kichwani. Mwaka 1976 ikachapishwa, kutoka Irani vilevile, taarifa ya watu 45 walioumwa na wanyama wenye kichaa na kupewa chanjo mpya iliyokuzwa kwenye chembehai za binadamu. Wote 45 walipona. Leo sindano huchomwa mkononi na idadi yake ni ndogo. Hatua ya kwanza kabisa, kabla ya sindano yoyote, ni kuliosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Sabuni huharibu gamba la virusi vikiwa bado juu ya nyama, na haihitaji daktari.

Nchi nyingine zilirudi kwenye hekima ya Eshnunna. Uingereza iliutokomeza ugonjwa mwaka 1902 kwa kuwavalisha mbwa vizuizi vya mdomo na kuwaweka karantini walioingia kutoka nje, bila kumchanja hata mmoja. Japani iliwasajili na kuwachanja mbwa kwa sheria ya mwaka 1950, na kufikia 1957 ugonjwa ulikuwa umekwisha.

Afrika Mashariki haijafika huko. Kisa cha kwanza cha mbwa kuthibitishwa nchini Kenya kilikuwa mwaka 1912, pembezoni mwa Nairobi. Makadirio ya kimataifa ni kwamba watu 59,000 hivi hufa kila mwaka duniani, wengi Afrika na Asia, na takriban wote kwa kuumwa na mbwa. Katika familia nyingi za vijijini hadithi hufanana: mtoto anaumwa, kidonda kinafungwa kitambaa, zahanati haina chanjo au nauli ya kwenda wilayani haipatikani, kidonda kinapona, na hakuna anayekikumbuka mpaka mtoto anaposukuma kikombe.

Wilayani Serengeti, watafiti na wafanyakazi wa mifugo walianza mwaka 1996 kuwachanja mbwa wa vijijini kwa kampeni za wazi, kila mtu akileta wake. Visa vya mbwa vilipungua kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza na asilimia 97 baada ya ya pili. Wanaoumwa wakapungua pia. Hesabu yake inaeleweka: mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa wawili au pungufu, hivyo kila kampeni ikifikia asilimia 70 ya mbwa, mnyororo unakatika. Kisiwani Pemba ulikatika hivyo. Mwaka 2016 ugonjwa ukazuka tena, na uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kwamba virusi vilivuka bahari kuingia upya. Chanjo zikarudiwa na kufikia 2018 ukawa umekatika tena.

Somo la Pemba ni kwamba kazi hii haina sherehe ya kufunga. Mbwa huzaa kila mwaka, watoto wao hawajachanjwa, na jirani asiyechanja hukurudishia ugonjwa. Shirika la Afya Duniani na washirika wake wameweka lengo la kutokomeza vifo vya binadamu vinavyotokana na mbwa ifikapo 2030. Lengo hilo halisubiri ugunduzi wowote. Linasubiri bajeti ya halmashauri inayokumbuka mbwa kila mwaka, hata ule mwaka ambao hakuna mtu aliyekufa, na mzazi anayemwosha mtoto kwa sabuni na kumpeleka kuchomwa sindano wakati mtoto bado anacheza na kunywa maji bila shida.